Namba Moja ya Shemeji

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimemaliza. Kompyuta zote za kiwanda sasa zina anwani ya kudumu, kila moja inajua kwake. Kazi hii wengine huifanya wakiwa na vyeti ukutani na tai shingoni. Mimi nimeifanya nikiwa na soksi iliyotoboka kwenye kidole gumba, na mtandao haukuuliza chochote kuhusu soksi.

Shukrani niliyopata: Shemeji kaniuliza kama nimeshatia grisi mashine ya kukatia karatasi.

Kusema kweli, hiyo ndiyo kazi niliyoajiriwa. Mashine ya kukatia, na jenereta. Kiwanda ni cha Shemeji, kaka wa mke wangu. Tunachapa vitabu vya shule, kalenda, na kadi za harusi za watu watakaoachana kabla wino haujakauka. Lakini mtu aliyemenya viazi kwenye meli za mataifa, akafungua milango ya hoteli ambazo Shemeji anaziona kwenye televisheni tu – huyo huwezi kumwachia grisi peke yake. Chochote chenye waya humu ndani naitwa mimi. Wachache wananiita Kapteni. Wengi wananiita "njoo uone."

Shida ilikuwa mashine ya pleti, ile inayochora kurasa kwenye bati kabla ya kuchapwa. Ina nyodo kama bibi harusi. Haipokei ukurasa kutoka kwa kompyuta isiyojua inakaa wapi, na ruta, kile kiboksi cha intaneti, ilikuwa inazigawia kompyuta anwani upya kila asubuhi, kama mtu anayegawa karata. Leo wewe 9, kesho wewe 23. Nikasema basi. Nimeingia kwenye faili la mipangilio – limefichwa ndani ya folda ya network, nayo imefichwa ndani ya folda ya etc, kama pesa za bibi kwenye fundo la nguo – nikaandika mwenyewe. Mwanzo wa anwani ni mmoja kwa wote, kama jina la mtaa. Namba ya mwisho ndiyo nyumba. Ruta ni 1. Mashine ya pleti 2. Mlinzi wa getini, mwenye kompyuta ya kamera, 5. Mama Pacha 11. Shemeji 14.

Ukikosea nukta tu, kompyuta inakuwa kiziwi. Sikukosea. (Nilikosea, ila hakuna aliyekuwa anatazama.)

Nimebandika kikaratasi chenye namba kwenye paji la uso la kila kompyuta. Mama Pacha, mpanga kurasa wetu, kakitazama chake akasema, "Kapteni, sasa umetupa namba kama wafungwa." Alisema hivyo huku anapanga ukurasa wa desimali bila kutazama vidole. Mama huyu alianza kazi enzi za kubandika maneno kwa gundi na wembe. Namheshimu kuliko anavyojua. Simwambii, asije akavimba kichwa. Nafasi ya vichwa vilivyovimba humu ndani imeshajaa.

Jumanne, 8 Oktoba

Vikaratasi vimeleta balaa.

Shemeji kazunguka ofisi zote na kikombe chake mkononi, akisoma paji la uso moja baada ya jingine. Halafu akaniita, akafunga mlango. Akifunga mlango ujue ni jambo la familia au la kijinga. Mara nyingi ni yote mawili.

"Shem. Mimi ni kumi na nne?"

Nikamwambia ndiyo.

"Na mlinzi ni tano."

"Ndiyo."

"Mlinzi. Yule anayelala akiwa amesimama. Ndiye kanizidi."

Nikamweleza kuwa hicho si cheo, ni namba ya nyumba tu. Akasema basi nyumba yake haiwezi kuwa nyuma ya nyumba ya mlinzi. Anataka 1. Nikamwambia 1 ni ya ruta, ndio mlango wetu wote wa kutokea kwenda kwenye intaneti. Akauliza ruta inakaa kwenye jengo la nani. Nikasema lako. Akauliza inakula umeme wa nani. Nikasema wako. Akanyoosha mikono kama wakili aliyemaliza kesi.

Ningebishana. Lakini mke wangu kaniomba nisigombane na kaka yake mwezi huu. Sababu nimeisahau.

Nikafungua faili la kompyuta yake, nikafuta 14, nikaweka 1, nikaiwasha upya. Ikawaka vizuri, na ule mchezo wake wa karata ukafunguka kama kawaida. Nikajiambia: ruta ni kiboksi, Shemeji ni mtu, watachukuliana. Niliwahi kulala chumba kimoja melini na mabaharia wawili wenye jina moja. Ukiita wanaitika wote wawili, unachagua unayemtaka.

Kisha, kwa kujishaua, nikamfundisha amri fupi ya kuandika ili aione namba yake mwenyewe muda wowote autakao. Kaiandika kwa kidole kimoja. Akaiona 1 imekaa pale mwisho wa anwani. Alivyofurahi, ungedhani kapewa nchi.

Jumatano, 9 Oktoba

Intaneti imekatika asubuhi, Shemeji akiwa ndio kwanza anakaa na kikombe chake. Nimeipigia simu kampuni ya intaneti. Dada mwenye sauti ya asali kaniambia nizime ruta, niiwashe tena. Nimeizima. Nimeiwasha. Ushauri kama huo hata kinyozi wangu anao.

Jioni nikaizungusha antena kidogo, kitaalamu, na ikarudi yenyewe. Watu wakanipigia makofi. Bahati mbaya Shemeji alikuwa ameshazima kompyuta yake na kwenda zake, hakuona mkono wangu ulivyofanya kazi.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sasa imekuwa mazoea. Alfajiri intaneti iko. Mchana haipo. Jioni ipo. Nimebadilisha waya, nimefuta vumbi, nimeitukana ruta kwa lugha ambazo nyingine sijui maana zake. Hola.

Na tuna kitabu cha hesabu mkononi, kazi kubwa kuliko zote za mwaka. Mchapishaji anatuma masahihisho kwa barua pepe, Mama Pacha anarekebisha, anamrudishia, mchapishaji akiridhika ndipo ukurasa unakwenda kwenye pleti. Ofisi ya mchapishaji inafunguliwa saa ileile ambayo Shemeji anafika. Kwa hiyo Mama Pacha anawahi, anarekebisha kila kilichomo, anakaa tayari kutuma – intaneti inakufa.

Shemeji kamkuta amekunja mikono. Akasema mbele ya watu wote, "Mama Pacha, kila nikiingia nakuta umepumzika. Nikuletee mto?"

"Bosi, intaneti imekatika."

"Inakatika nikiingia mimi tu? Ina macho?"

Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, utani ulikuwa mzuri. Mama Pacha hakucheka. Alikunjua mikono akaanza kupanga upya kalamu ambazo zilikuwa zimepangika.

Shemeji mwenyewe hasumbuki. Barua pepe zake anasomea kwenye simu. Kompyuta yake ni ya karata, na ya kuwaonyesha wageni kuwa yeye ni 1. Wageni wanatikisa kichwa kwa heshima, masikini, hawajui wanaheshimu nini.

Alhamisi, 17 Oktoba

Shemeji kasafiri kwa siku nzima. Intaneti haikupepesa hata jicho. Mama Pacha kafanya kazi kama ana mikono ya ziada: sura nzima ya jiometri imekwenda kwa mchapishaji, imerudi, imeingia kwenye pleti. Nilikuwa nimefunga waya wa ruta kwa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Nikawatangazia wote kuwa siri ilikuwa mpira.

Ijumaa, 18 Oktoba

Siri haikuwa mpira.

Nilikuwa nimesimama mlangoni kwa Shemeji nikimsimulia habari za mpira. Kaweka kikombe, kabonyeza kitufe cha kompyuta yake. Haijamaliza kuwaka, nasikia Mama Pacha huko chumba cha pili: "Imekwenda."

Nikakaa. Hapakuwa na kiti. Nilikaa kwenye pipa la taka.

Yaani ni hivi. Kila kompyuta ikitaka kutoka nje inauliza jengo zima: 1 ni nani? Zamani aliitika ruta, akapokea mzigo, akaupeleka duniani. Sasa wanaitika wawili, na ya Shemeji inaitika kwa nguvu zaidi, sijui imerithi kwa nani. Basi masahihisho yote, kurasa zote, yanakwenda mezani kwa Shemeji. Na kama karatasi zote zilizowahi kufika kwenye meza ya Shemeji, yanafia hapo.

Mabaharia wawili wenye jina moja. Kweli mimi ni kichwa.

Ningecheka, lakini mchana Shemeji kamwita Mama Pacha. Mlango aliuacha wazi, tusikie. Kitabu kisipokuwa kwenye mtambo Ijumaa ijayo, yeye akapumzike nyumbani, maana kupumzika anakujua. Tayari amemwambia mpwa wa mkewe, binti aliyesomea kompyuta, aje Ijumaa hiyohiyo kuizoea meza.

Meza ya mtu ambaye bado ameikalia.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimekwenda kwa Shemeji nyumbani na mke wangu. Nilitaka kumpata peke yake. Nikampata na mama yao, yaani mama mkwe wangu, ambaye mbele yake mimi hata kukohoa naomba ruhusa.

Nikajikaza. Nikaeleza kwa mfano wa nyumba mbili zenye namba moja, na mtu wa posta. Nikaeleza vizuri mno. Ningekuwa mwalimu, watoto wangefaulu.

Shemeji akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha: "Kwa hiyo unamwambia mama yangu kuwa mkosi wa kiwanda ni mimi."

"Si wewe. Ni namba yako."

"Namba yangu ni mimi."

Mama mkwe akauliza, "Hiyo moja inaliwa?"

Shemeji akasema kama moja haiwezi kuwa na wawili, basi ruta ndiyo ihame, ipewe 14. Nikamwambia ruta imefungwa kwa nywila ya kampuni ya intaneti, nimeshawaomba, wamejibu ombi langu limepokelewa. Najua maana ya kupokelewa. Hata masahihisho ya Mama Pacha yanapokelewa.

Tuliporudi kwetu mke wangu kasema, "Mwezi bado haujaisha na umeshindwa." Nikamuuliza tena ilikuwa kwa sababu gani. Kasema Shemeji ndiye aliyeweka neno ili kijana wa dada yao apate nafasi ya chuo, na jibu halijatoka. Hapo ndipo nilipokumbuka. Huyo kijana tumemlea sisi. Viatu vyake vya kwanza nilivinunua bandarini, vikiwa vikubwa, nikamwambia akue avifuate.

Jumanne, 22 Oktoba

Leo nimetumia akili. Nimewahi kabla ya Shemeji, nimefungua faili lake, nimeweka 14. Kikaratasi cha paji la uso nimekiacha kinasema 1. Mtu wa dunia haendi kichwa kichwa, anapita pembeni.

Shemeji kaingia, kawasha, intaneti ikasimama imara. Mama Pacha akaanza kutuma. Mimi nikaanza kupiga mluzi.

Halafu kaja mgeni, muuza wino. Shemeji akamwambia, njoo uone kitu. Akaandika ile amri. Ile niliyomfundisha mimi, kwa mdomo wangu huu mrefu.

"Shem. Nimeshushwa cheo?"

Nikamwonyesha mstari wa juu: tazama, hapa kuna anwani nyingine inaishia na 1, ya ndani kabisa, kompyuta inajiita yenyewe. Hiyo haigombaniwi na mtu. Ni kweli tupu, wala sikutia chumvi.

"Wanayo wangapi hiyo?"

"Kila kompyuta inayo."

"Hata ya mlinzi?"

Nikajifanya napangusa kioo.

"Basi hiyo si kitu. Irudishe."

Akasimama nyuma yangu, karibu kiasi cha kunihesabu mvi. Muuza wino anatazama. Nikamfikiria yule kijana na barua yake ya chuo ambayo haijaja. Nikairudisha 1.

Nilipotoka nikapita kwa Mama Pacha. Ukurasa wake ulikuwa umeganda katikati ya safari, nusu umekwenda. Alianza kukunja mikono, akakumbuka, akaikunjua haraka akaiweka juu ya meza ionekane.

Hilo sikupenda kuliona. Nimeona meli ikizama kwa mbali, sikujisikia hivi.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimemwambia Mama Pacha kila kitu. Tulikuwa kwenye stoo ya karatasi, nikamketisha juu ya bunda.

Hakupiga kelele. Akauliza kimojakimoja, kama anasahihisha ukurasa.

"Umejua lini?"

"Ijumaa."

"Na jana ukaiandika tena."

"Nikaiandika tena."

"Mbele yangu."

"Wewe ulikuwa chumba cha pili."

Akanitazama. Akasema pacha wake wamebakiza mwaka mmoja chuoni, wote wawili, na kwamba amechoka kuona aibu kwa kitu ambacho hakukifanya. Alidhani macho yameanza kumpoteza, anabonyeza vibaya. Wiki nzima alikuwa anakwenda nyumbani anajipima macho kwa kusoma maandishi madogo kwenye chupa za dawa.

Nilikuwa na utani mzuri juu ya chupa za dawa. Sikuutoa. Sijui umekwenda wapi.

Alipoinuka akasema, "Kapteni, wewe ni mtu mwema. Ila wema wako unafanya kazi Bosi akiwa safarini."

Nimekata karatasi mchana kutwa. Zimenyooka sana.

Alhamisi, 24 Oktoba

Barua ya kijana haijatoka. Nimemwambia mke wangu ninachotaka kufanya. Akaendelea kukunja nguo. Akafika kwenye soksi zangu, akaingiza kidole kwenye tundu, akakitokeza upande wa pili, akanitazama kupitia hapo.

"Mama Pacha ndiye aliyetuchapia kadi zetu," kasema. "Jina langu mliliandika vibaya wewe na Kaka. Akalirekebisha bila kuambiwa."

Akaikunja soksi na tundu lake.

Ijumaa, 25 Oktoba

Naandika nikiwa nimekaa juu ya bunda la karatasi kwenye korido, nimefukuzwa ofisini. Bado sijajua kama nimefukuzwa ofisini tu.

Nimefika mapema. Nimefungua faili, nimefuta 1, nimeweka 14, na safari hii kikaratasi nimekibandua na kubandika cha 14, kikubwa, kwa kalamu nene. Kisha nikakaa nikasubiri. Sikupiga mluzi.

Shemeji kaja na binti, mpwa wa mkewe, mpole, amebana mkoba kifuani kama yuko stendi. "Karibu uone namba yangu," anamwambia, kabla hajaniona. Nikasimama mbele ya kompyuta.

Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Mfano wa posta, mfano wa mabaharia. Yakaniponyoka yote.

"Shemeji, namba yako leo ni kumi na nne. Nimeiandika mimi, na siiandiki nyingine. Ukiwa na moja, wewe ukiingia intaneti inatoka. Mama Pacha hajawahi kupumzika. Wewe tu ndiye hujawahi kumwona akifanya kazi, kwa sababu ukifika unamzimia. Tafuta mtu mwingine wa kukuandikia moja. Mimi mkono wangu umegoma."

Nilisikia sauti yangu inapanda mwishoni kama ya mtoto. Meli zote zile, na sauti bado inanifanyia hivi.

Binti akauliza taratibu, "Kwani anko, kumi na nne ni mbaya?"

Shemeji akaniambia, "Toka."

Basi nimetoka. Kutoka hapa naona kwa kioo. Mchapishaji kafungua ofisi yake, na masahihisho yanaingia mfululizo. Mama Pacha anapokea, anarekebisha, anarudisha. Mashine ya pleti inalia kila ikimaliza bati, na leo haijanyamaza. Kompyuta ya Shemeji inawaka, naona mwanga wake. Bado 14. Hajaizima.

Ametoka na kikombe. Amesimama nyuma ya Mama Pacha. Nadhani alikuja kusema neno. Mama Pacha hajageuka, hana nafasi ya kugeuka, ana ukurasa wa asilimia mkononi. Binti kaja taratibu akasimama upande wa pili, anatazama vidole vya mama wa watu vinavyokimbia, mkoba ameshauweka chini.

Shemeji anatazama chumba kizima. Anatazama kama mtu aliyeingia kiwanda cha mwenzake kwa makosa. Kikombe hajakinywa. Chai yake sasa ni ya kuogea.

Simu yangu inatetemeka. Mke wangu. Kaka yake ameshampigia, bila shaka. Sipokei kwanza.

Shemeji ameinua kichwa. Ananitazama kupitia kioo. Anakuja, amefungua mlango wa korido.

"Fundi," kasema.

Tangu nimwoe dada yake, miaka yote, mbele ya watu na kwa faragha, kwa furaha na kwa hasira, hajawahi kuniita kitu kingine ila Shem.

"Fundi. Njoo huku."

Sijui nimepandishwa au nimeshushwa. Ameshikilia mlango, anangoja niweke kalamu –